Krediti 60 zilizopokelewa, 24 zilizohesabiwa

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa kaskazini mwa Texas, Marekani, aliyetoka chuo cha miaka miwili akataka kumalizia shahada ya kwanza kwenye chuo kikuu cha jimbo. Nimemwita Mama Zawadi. Si jina lake wala la mwanawe. Vyuo sikuvitaja, na mambo mawili matatu ya familia nimeyabadilisha. Masomo, krediti (yaani pointi zinazopima kiasi cha masomo uliyomaliza) na miaka nimeviacha vilivyokuwa. Ameyasoma haya yote kabla yenu, na amesahihisha sehemu mbili ambako nilikuwa nimejipendelea.

Alikotoka

Mama Zawadi alizaliwa Kivu Kusini, akavushwa Ziwa Tanganyika akiwa mtoto, akakulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Shule za Wakongomani pale kambini zilifuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, na yeye alisoma mchepuo wa biashara. Alijua kufunga leja kwa Kifaransa miaka mingi kabla hajaweza kuagiza chai kwa Kiingereza.

Aliingia Texas mwaka 2016 kwa mpango wa wakimbizi, pamoja na mume na watoto watatu. Kazi ya kwanza aliyopata ni ya ghala la mizigo, zamu ya usiku. Cheti chake cha sekondari hakikusafiri naye, kwa hiyo alifanya mtihani wa GED: masomo manne, na kila somo linataka alama zisizopungua 145. Hisabati alifaulu mara ya kwanza. Kiingereza kilimrudisha mara mbili. Agosti 2019 akajiandikisha kwenye chuo cha miaka miwili cha mjini kwake.

Mimi niliingia katika kisa hiki mwaka mmoja baadaye. Jumamosi huwa nakaa ukumbi wa kanisa nikiwasaidia watu kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Nilimjazia ya kwake miaka miwili mfululizo. Miaka yote miwili nilisoma pale alipoandika aina ya digrii, na miaka yote miwili sikumuuliza kitu. Nitalirudia hili chini.

Siku ya kujiandikisha

Mshauri wa masomo alimuuliza anataka kusoma nini. Akajibu uhasibu. Mshauri akafungua orodha ya programu, neno uhasibu likatokea mara moja tu, akabofya. Shughuli nzima ilichukua dakika ishirini, na ndani yake kulikuwa na kupigwa picha ya kitambulisho.

Vyuo vya miaka miwili vya Texas hutoa digrii zenye majina yanayochanganya: AA (Associate of Arts), AS (Associate of Science) na AAS (Associate of Applied Science). Mbili za kwanza ni nusu ya kwanza ya shahada. Zimepangwa ili mwanafunzi ahame nazo. Ya tatu imepangwa ili atoke akaajiriwe, na ile A ya katikati inasimama badala ya neno lenye maana ya kutumika kazini. Chuoni kwake, uhasibu kwa jina hilo ulikuwa kwenye AAS peke yake. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye shahada anatakiwa kusoma AA ya biashara, na kwenye jina la AA hiyo neno uhasibu halimo. Kwa hiyo anayelitafuta neno hilo kwenye orodha, neno lenyewe ndilo linalompeleka kwenye mlango usio wake.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo aliniambia baadaye sana akicheka. "Mwalimu, niliona moja imeandikwa Arts, nyingine imeandikwa Science. Nikasema mimi si mtu wa kuchora." Waliosoma shule za kwetu watamwelewa. Kwetu sayansi ndiyo inayopewa vichwa, na sanaa ni ya waliobaki. Sijaona kijitabu cha chuo chochote huku kinachomtahadharisha mtu juu ya hilo, na sidhani kama anayeandika vijitabu hivyo analijua.

Muhula wa kwanza wote, krediti 12, ulikuwa wa Kiingereza cha wageni. Krediti hizo haziingii kwenye digrii yoyote, ila zinakula msaada kama zingine. Mihula mitano iliyofuata alichukua krediti 12 kila mmoja, ukiwemo ule wa 2020 uliokatwa katikati na korona, alioumalizia kwa simu akiwa amejifungia bafuni, kwa sababu ndiko kulikokuwa kimya. Mei 2022 akahitimu AAS ya uhasibu: krediti 60, wastani wa alama 3.6 kati ya 4.

Barua mbili za Juni

Barua ya kwanza ya chuo kikuu ilimpokea. Chini yake palikuwa na mstari unaosema krediti zilizopokelewa kutoka chuo cha awali ni 60. Alinipigia simu saa mbili asubuhi akitoka zamu. "Zote, Mwalimu! Zote 60!" Nilimpongeza. Kwa hesabu yetu ya siku ile shahada ni krediti 120, zimebaki 60, miaka miwili na kitu.

Wiki mbili baadaye akafunguliwa akaunti ya mwanafunzi, ambamo mna ripoti inayopanga kila somo ulilosoma chini ya sharti linalotimiza. Shahada aliyoomba ni ya biashara, mkazo uhasibu. Ripoti ilionyesha krediti 24 zikiwa zimekaa chini ya masharti ya digrii. Zile 36 nyingine zilikuwa mwishoni kabisa, kwenye sanduku la peke yake, chini ya kichwa kinachosema hazitumiki kwenye programu hii.

Nilimwambia lazima ni kosa la kompyuta. Halikuwa kosa. Chuo kikuu kilizipokea krediti zote, maana yake kiliziandika kwenye kumbukumbu zake. Kuzihesabu kwenye digrii ni uamuzi mwingine, unaofanywa na idara, na barua ya kwanza haikuwa imesema lolote juu ya hilo. Ofisi ya udahili inasema kupokea. Idara inasema kuhesabu. Mwanafunzi anasikia neno moja.

Herufi moja

Tulipokaa na karatasi zake za matokeo, jibu lilikuwa kwenye herufi. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wa namba za pamoja kwa masomo ya miaka miwili ya mwanzo. Kila somo lina herufi nne na tarakimu nne: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni krediti, mbili za mwisho ni mpangilio. ACCT 2301 ni uhasibu wa fedha wa mwaka wa pili, krediti 3, na unahama karibu kila mahali. Mama Zawadi hakuwa na ACCT hata moja. Alikuwa na ACNT: ACNT 1303 na 1304 za utangulizi wa uhasibu, 1311 ya uhasibu wa kompyuta, 1329 ya mishahara na kodi za biashara, 1331 ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, na nyingine za namna hiyo.

ACNT hutoka kwenye orodha ya jimbo ya masomo ya kazi. ACCT hutoka kwenye orodha ya jimbo ya masomo ya kitaaluma. Unaweza kusoma vyote viwili jengo moja, mwalimu mmoja, hata kitabu kimoja, na bado kimoja kikabaki nyuma wakati wa kuhama. Masomo 12 ya Mama Zawadi, yaani zile krediti 36, yalikuwa ya orodha ya kazi.

Krediti 24 zilizopona zilikuwa za masomo 8: uandishi wa Kiingereza ENGL 1301, hotuba SPCH 1315, hisabati ya biashara MATH 1324, saikolojia, falsafa, uchumi ECON 2301, utangulizi wa biashara na kompyuta za biashara. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa yale mengine yamekufa?"

Njia tatu mezani

Tulikaa kwake Jumapili mbili, na binti yake mkubwa akiandika.

Njia ya kwanza ilikuwa yangu, na niliisukuma. Vyuo vikuu kadhaa vya Texas vina shahada iitwayo BAAS, iliyobuniwa kwa ajili ya wenye AAS: inazikubali krediti za kazi kwa wingi, na angemaliza kwa krediti kama 60. Kasoro yake ni kwamba mkazo wa uhasibu wa mwaka wa tatu na wa nne haumo, au umo kwa kudokoa. Anayetaka kufika kwenye mtihani wa leseni ya uhasibu, ule wa CPA, atahitaji masomo hayo ya juu, kwa hiyo angelazimika kuyarudia baadaye kwa gharama yake. Mama Zawadi alikataa kwa sentensi moja: "Mimi nataka hesabu, karatasi ninazo."

Njia ya pili ilikuwa kuingia chuo kikuu hivyo hivyo na krediti 24, abakize 96. Kwa mwendo wa 12 kwa muhula ni mihula 8. Hapa msaada wa Pell uliingia mezani. Pell ni ruzuku ya serikali kuu, hairudishwi, lakini ina kikomo cha maisha: asilimia 600, sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote. Mihula yake 6, ukiwemo ule wa Kiingereza, ilikuwa imekula asilimia 300. Mihula 8 ilihitaji 400. Miwili ya mwisho ingekuwa ya mikopo, tena kwa ada ya chuo kikuu.

Njia ya tatu ilikuwa kurudi chuo cha miaka miwili, ambako alikuwa ameshapiga picha na joho. Texas ina masomo ya msingi ya pamoja, krediti 42: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi 6, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za chaguo la chuo. Sheria ya jimbo inasema anayekamilisha fungu hilo kwenye chuo kimoja cha umma, chuo kingine cha umma kinalichukua lote kwa pamoja badala ya fungu lake chenyewe. Yeye alikuwa na 18. Zilibaki 24: ENGL 1302, sayansi mbili, sanaa moja, HIST 1301 na 1302, GOVT 2305 na 2306. Juu yake masomo manne ambayo idara ya biashara ilitaka kabla ya mwaka wa tatu: ACCT 2301, ACCT 2302, ECON 2302 na MATH 1325. Jumla krediti 36. Zimekufa 36, zinadaiwa 36. Binti yake ndiye aliyeliona hilo, akachora mshale.

Ada ya chuo cha miaka miwili kwa mkazi wa eneo ilikuwa chini ya dola 100 kwa krediti. Chuo kikuu kilikuwa zaidi ya 300. Tofauti ya zaidi ya dola 200, mara 36, ni zaidi ya dola 7,000. Akachagua ya tatu. Kabla ya kujiandikisha alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria: alimwandikia barua pepe mshauri wa idara ya uhasibu ya chuo kikuu, akaorodhesha namba za masomo yote 12 aliyopanga kuchukua, akaomba ajibiwe kwa maandishi kama kila moja itahesabiwa, na chini ya sharti gani. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, na namba moja ya sayansi ikabadilishwa.

Mwaka wa kurudi nyuma

Septemba 2022 alipata kazi ya mchana, karani wa kulipa ankara za wauzaji kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Aliipata kwa AAS, na hasa kwa ACNT 1311, kwa sababu kwenye usaili walimweka mbele ya programu ya hesabu akaanza kuingiza ankara bila kuuliza. Akaacha ghala. Usiku akaanza kulala, baada ya miaka sita.

Muhula wa vuli 2022 na wa masika 2023 ulikwenda vizuri, krediti 12 na 12, jioni na mtandaoni. Historia ya Marekani ilimpa taabu kuliko ACCT, na kwenye serikali ya Texas alipata A, jambo ambalo mumewe bado anamtania nalo.

Mei 2023 ikaja barua ya ofisi ya misaada ya fedha: msaada wake umesimamishwa. Kanuni za serikali kuu zinataka mwanafunzi amalize programu yake kabla hajavuka asilimia 150 ya urefu wake. Digrii ya krediti 60 inampa nafasi ya kujaribu krediti 90. Alikuwa na 60 za AAS na 24 za mwaka ule, na bado 12. Hata bila kuhesabu Kiingereza cha wageni, angefika 96. Rufaa ipo, lakini ingechukua wiki kadhaa na masomo ya kiangazi yalikuwa yanaanza mwanzoni mwa Juni.

Fedha zilitoka kwenye likelemba. Kina mama kumi na wawili wa Kikongo wa mtaa ule huchangiana kila mwezi na mmoja huondoka na chungu; Watanzania tungesema upatu, Wakenya chama. Zamu yake ilikuwa Novemba. Alikwenda kwa mwenzake wa zamu ya Juni, wakabadilishana. Krediti 12 za kiangazi zikalipwa taslimu, masomo mawili mawili kwa vipindi viwili.

Agosti kukawa na kizaazaa kidogo. Matokeo yalikuwa yametumwa chuo kikuu Julai, kabla alama za kipindi cha pili hazijaingia, kwa hiyo alama ya kukamilisha masomo ya msingi haikuwemo, na kompyuta ikampangia somo la sanaa ambalo alikuwa ameshalifanya. Alituma upya, ikafutwa. Aliingia mwaka wa tatu akiwa na krediti 60 zinazohesabiwa.

Chuo kikuu

Mpango ulikuwa krediti 12 kila muhula mrefu, sita kila kiangazi, amalize Agosti 2025. Pell iliyobaki ilikuwa asilimia 200, yaani mihula minne mirefu barabara. Kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kwa mwaka 2023–24 kilikuwa dola 7,395, na ada ya chuo kikuu ilizidi 10,000. Pengo alilijaza kwa ruzuku ya chuo chenyewe na mkopo mdogo wa serikali.

Muhula wa kwanza ulimwangusha. Uhasibu wa kati, sehemu ya kwanza, ndilo somo linalochuja watu katika shahada hii. Mtihani wa kwanza alipata 58, wa pili 61. Mwisho wa Oktoba akalitoa somo ili asipate alama mbaya. Kulitoa kulimtumia moja kati ya nafasi sita ambazo sheria ya Texas kwa kawaida inampa mwanafunzi za kuacha masomo katika safari nzima ya shahada ya kwanza. Pia kulivunja mnyororo: sehemu ya pili haifunguki bila ya kwanza, na ukaguzi wa hesabu haufunguki bila ya pili. Masika akalirudia akapata B, huku akienda kila Alhamisi kwenye chumba cha msaada wa masomo, mahali alipoona haya kuingia muhula wa kwanza kwa sababu kulijaa vijana wa umri wa mwanawe.

Mei 2025 Pell ikafika asilimia 600. Agosti alikuwa na krediti 57 kati ya 60. Lililobaki lilikuwa ukaguzi wa hesabu, ambalo kwake lilifunguka vuli tu. Mikopo ya serikali inataka mwanafunzi awe angalau nusu ya muda, krediti 6. Yeye alikuwa na 3. Somo la mwisho la shahada, zaidi ya dola 1,000, halikuwa na ruzuku wala mkopo. Alililipa kwa mafungu manne kutoka mshahara wake.

Matokeo

Alihitimu Desemba 2025, wastani 3.2, shahada ya biashara, mkazo uhasibu. Toka siku ya kujiandikisha ya kwanza ni miaka sita na miezi minne. Kampuni ile ile imempandisha kutoka karani kuwa mhasibu msaidizi. Mkopo alionao ni mdogo kuliko bei ya gari lake.

Nilivyolipima

Nianze na lililo langu. Miaka miwili niliona AAS kwenye fomu ya mtu aliyekuwa akiniambia kila Jumamosi kwamba anataka kwenda chuo kikuu. Nilikuwa nahesabu mapato ya familia na sahihi, kazi niliyoijua. Ningemuuliza vuli ya 2020, alikuwa amekwisha krediti 12 tu za AAS. Angebadili programu siku ile kwa fomu ya ukurasa mmoja. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba hakuna aliyejua. Akafuta, akaandika pembeni: "Wewe ulijua."

Mshauri wa siku ya kwanza simlaumu kama watu wengi mtaani wanavyomlaumu. Alijibu swali aliloulizwa. Swali ambalo halikuulizwa na upande wowote ni kama mama huyu anataka kazi baada ya miaka miwili au anataka kuendelea, na kwa mtu aliyekuja na Kiingereza cha GED, swali hilo lilipaswa kutoka upande wa meza wenye orodha.

Je, AAS ilikuwa hasara? Mimi nasema nusu. Yeye anasema hapana, na ana hoja: bila ACNT asingetoka ghalani 2022, na bila mchana wa ofisi asingeweza kusoma jioni. Lakini kuna bei ambayo hata yeye anaikiri. ACNT ilimfundisha mkono: ankara inaingia wapi, kodi inakatwa vipi. Uhasibu wa kati ulimuuliza kwa nini mapato yanatambuliwa mwezi huu na si mwezi ule, na ulimkuta akijiamini. Wenzake waliotoka ACCT moja kwa moja waliingia na hofu, wakaenda chumba cha msaada wiki ya kwanza. Yeye alikwenda wiki ya ishirini.

Kurudi nyuma kuliokoa fedha, hakukuokoa muda. Watu wanapokisimulia kisa hiki husema alipata njia ya mkato. Angeingia na krediti 24, kwa mihula 8 bila kiangazi, angemaliza 2026 masika. Alimaliza 2025 mwishoni, na viangazi vitatu alivivuja jasho. Faida halisi ilikuwa zile dola 7,000 na kuingia mwaka wa tatu bila somo la kudaiwa nyuma.

Sehemu ambayo bado inanisumbua ni Pell. Mwaka wa kurudi aliichukua kwa mihula miwili, asilimia 100 ya maisha, kulipia masomo ya chini ya dola 2,400. Kilichobaki kilirudi kwake kama fedha taslimu, kikawa kodi ya nyumba. Kwenye karatasi angeikataa ruzuku mwaka ule, akalipa mwenyewe, akaitunza asilimia 100 kwa ajili ya chuo kikuu, na somo la mwisho lingepata ruzuku yake. Mwanafunzi ana haki ya kuikataa. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinitazama muda. "Na kodi ya Januari ningelipa na asilimia?" Sina jibu zuri. Ninachokiona ni kwamba ile barua ya Mei 2023 iliyotuudhi, ya kusimamisha msaada, ndiyo iliyomzuia kula asilimia 50 nyingine kiangazi kile. Ilikuwa bahati iliyovaa nguo za balaa: bila barua hiyo angefika chuo kikuu na Pell ya mihula mitatu badala ya minne.

Ile barua pepe yenye namba 12 ndiyo ninayoiiga hadi leo. Haikuuliza krediti zitapokelewa au la. Iliuliza kila namba itakaa chini ya sharti gani, na ikadai jibu la maandishi. Mwaka 2024 chuo kikuu kilibadili kitabu cha masomo na mshauri mpya akataka kuiondoa ECON 2302. Mama Zawadi akatoa barua pepe ya 2022, mazungumzo yakaisha.

Kuhusu BAAS, nilikosea kwake, sikukosea kwa kila mtu. Nimewapeleka huko watu wawili tangu hapo. Mmoja ana miaka 51, yuko kazini, anadaiwa karatasi ya kupandishwa cheo na hana haja ya leseni. Kwake krediti za kazi zilihesabiwa na akaokoa mwaka mzima.

Januari 2026 mdogo wake Mama Zawadi alikwenda kujiandikisha chuo kile kile, na dada mtu akaenda naye, kitabu cha masomo kikiwa kimefunguliwa kwenye simu kabla hawajafika kaunta. Amechagua AAS, ya mitambo ya kupoza hewa. Dada yake alimuuliza mara mbili kama ana nia ya kuendelea na shahada, mara zote mbili akasema hapana, anataka kazi. Akamjazia fomu.